Johnny Unitas: Mfalme wa pasi aliyekataliwa na mizani

JOHNNY Unitas alichaguliwa Mchezaji Bora wa ligi ya NFL ya Marekani mara tatu, mwaka 1959, 1964 na 1967. Aliipa Baltimore Colts ubingwa miaka miwili mfululizo, 1958 na 1959, kisha msimu wa 1970 akavaa pete ya Super Bowl. Alitupa pasi ya bao katika mechi 47 mfululizo, rekodi iliyodumu miaka 52.

Lakini fungua orodha ya wachezaji waliotwaa taji la mtoa pasi bora wa msimu, mwaka hadi mwaka, utafute jina lake. Hulioni. Katika misimu 18 aliyocheza, jamaa huyu ambaye wengi walimwita baba wa watoa pasi wote hakulitwaa taji hilo hata mara moja.

Si kwamba kuna mtu alimfanyia hila. Tatizo lilikuwa mizani. Kila msimu ligi ilikuwa na kipimo chake cha kuamua nani katoa pasi vizuri, na kila kipimo kilipoletwa, Unitas alikuwa bora kwenye kitu ambacho kipimo hicho hakikukiona.

KWOTABEKI NI NANI?

Kwa shabiki aliyezoea soka, futiboli ya Kimarekani huonekana kama vurugu ya watu waliovaa kofia ngumu. Ukielewa kazi ya mtu mmoja tu, mengine yananyooka.

Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa bao hadi mstari wa bao, kama mita 91. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifika, inapewa manne mengine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiuingiza mpira ndani ya eneo la bao la mpinzani umepata tachidauni, ambayo ina pointi sita. Ukishindwa kuuingiza, unaweza kuupiga kwa mguu upite katikati ya nguzo, ukapata pointi tatu.

Anayeongoza yote hayo ni kwotabeki. Ni kama kiungo mchezeshaji, namba 10 wa zamani, isipokuwa huyu anatoa pasi kwa mkono. Kila jaribio likianza anarudishiwa mpira, na ana sekunde chache za kuamua ampe nani. Wakati anatafuta mtu wa kumpa, watu wenye zaidi ya kilo 100 wanamjia kumwangusha chini.

Pasi yake ikidakwa na mwenzake, timu imesogea. Ikianguka chini, jaribio limepotea bure. Ikinaswa na adui, mpira wote umekwenda.

Sasa swali ndilo hilo: utasemaje kwotabeki huyu ni bora kuliko yule? Utahesabu pasi zilizofika? Utahesabu yadi? Utahesabu mabao? Na zile zilizonaswa utazitoa vipi? Maisha ya Unitas yamepita katikati ya swali hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

MTOTO WA MAKAA YA MAWE

Alizaliwa Mei 7, 1933 katika mji wa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, kwenye familia yenye asili ya Lithuania. Baba yake alikuwa na biashara ndogo ya kusambaza makaa ya mawe. Johnny alipofika umri wa miaka mitano, baba akafariki. Mama ndiye aliyeshika biashara ile na kufanya na kazi nyingine ili watoto wale.

Akiwa sekondari ndoto yake ilikuwa kuchezea chuo cha Notre Dame, ambacho kwa futiboli ya vyuo kilikuwa na jina kubwa. Walimtazama wakaona ni mwembamba mno, ataumizwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Louisville, timu isiyo na makuu, akacheza hadi 1954.

Mwaka 1955 timu ya nyumbani kwao, Pittsburgh Steelers, ilimchukua katika mgao wa vijana wanaotoka vyuoni. Alichukuliwa raundi ya tisa, mtu wa 102. Kambini aliwakuta makwotabeki wengine watatu. Kocha hakumpa hata dakika moja ya kutupa mpira katika mechi za kujipima nguvu. Kabla ligi haijaanza, akaambiwa afungashe virago.

Kwa hiyo timu ya kwanza kumkataa haikumkataa kwa takwimu. Haikuwa nayo yoyote. Ilimtazama kwa macho, basi.

Wakati huo tayari alikuwa na mke na mtoto. Akapata kazi ya ujenzi, na jioni na mwisho wa wiki akawa anaichezea Bloomfield Rams, timu ya mtaani iliyokuwa ikilipa dola 6 kwa mechi. Vilikuwa viwanja vya vumbi, na wapinzani wake walikuwa vibarua kama yeye. Wengi wanaofika hapo hawarudi tena.

Mwaka 1956 Baltimore Colts walimpigia simu. Walikuwa wanatafuta kwotabeki wa akiba kwa bei nafuu. Wakampa mkataba wa dola 7,000.

SIKU YA KIPIGO

Nafasi yake ilikuja kwa njia mbaya. Oktoba 1956, Colts wakicheza na Chicago Bears, kwotabeki namba moja George Shaw aliumia mguu. Kocha Weeb Ewbank akamwinua Unitas kutoka benchi.

Pasi yake ya kwanza siku ile ilinaswa na Bears na kurudishwa moja kwa moja hadi kwenye bao. Jaribio lililofuata akakosea kumkabidhi mwenzake mpira, ukaponyoka, Bears wakauokota. Mechi ikaisha 58-27. Kwa kipimo chochote utakachochagua, ule ulikuwa mwanzo wa aibu.

Ewbank hakumrudisha benchi. Unitas akamaliza msimu huo pasi zake zikiwa zimefika kwa asilimia 55.6, kiwango ambacho hakuna kwotabeki mgeni aliyekuwa amekifikia kabla yake. Desemba 9 mwaka huo alitupa pasi ya bao dhidi ya Los Angeles Rams. Hakuna aliyejua wakati ule, lakini hiyo ilikuwa ya kwanza katika ule mfululizo wa mechi 47. Ulikatika Desemba 1960, tena dhidi ya Rams haohao. Drew Brees wa New Orleans Saints ndiye aliyekuja kuuvunja, Oktoba 2012.

TAJI LILIKWENDA KWA MWINGINE

Hapa ndipo hadithi ya mizani inapoanza.

NFL ilianza kuweka takwimu rasmi mwaka 1932. Miaka ya mwanzo mtoa pasi bora alikuwa yule mwenye yadi nyingi tu. Wakaona si haki, maana timu inayofungwa kila wiki hutupa mipira mingi kutafuta kusawazisha, na kwotabeki wake hukusanya yadi kwa kulazimika. Mwaka 1938 wakahamia kwenye asilimia ya pasi zilizofika. Hapo nako kukawa na kasoro, kwa kuwa mtu anaweza kutoa pasi fupifupi za pembeni siku nzima, zote zikafika, na timu isiende popote. Wakabadilisha tena.

Kuanzia 1950 hadi 1959 kipimo kilikuwa wastani wa yadi kwa kila pasi iliyotupwa. Unachukua yadi zote, unagawa kwa idadi ya pasi. Mwenye wastani mkubwa ndiye bingwa. Kilikuwa kipimo kizuri kuliko vilivyotangulia, na hadi leo wachambuzi wengi wanakiheshimu. Lakini ona kilivyomfanyia Unitas.

Mwaka 1957 aliongoza ligi nzima kwa yadi, 2,550, na kwa pasi za mabao, 24. Alitupa pasi 301. Taji likaenda kwa Tommy O'Connell wa Cleveland Browns, ambaye msimu mzima alitupa pasi 110 tu na mabao tisa. Wastani wa O'Connell ulikuwa yadi 11.2 kwa pasi, wa Unitas 8.5. Hesabu haikukosea. Ila mmoja alibeba timu mgongoni wiki baada ya wiki, mwingine alitupa mara chache pale mlango ulipokuwa wazi. Kipimo hakikujua tofauti hiyo.

Mwaka 1959 mambo yakawa makubwa zaidi. Unitas alitupa pasi za mabao 32 katika mechi 12. Hakuna aliyewahi kufika hata 30 kabla yake. Akachaguliwa Mchezaji Bora. Taji la mtoa pasi bora? Charlie Conerly wa New York Giants, mwenye mabao 14. Conerly alikuwa mwangalifu, pasi zake nne tu zilinaswa mwaka mzima, na wastani wake ulikuwa yadi 8.8 dhidi ya 7.9 za Unitas.

Kilichokuwa kinachekesha ni kwamba fainali ya 1958 ilikuwa Colts na Giants, na fainali ya 1959 ilikuwa Colts na Giants. Mara zote mbili Conerly alikuwa upande wa pili, na mara zote mbili Unitas ndiye aliyeondoka na kombe.

DAKIKA ZA LALA SALAMA

Fainali ya 1958 inafaa kusimuliwa peke yake, kwa sababu ndiyo iliyoifanya futiboli kuwa mchezo wa televisheni Marekani. Ilichezwa Desemba 28 katika uwanja wa Yankee jijini New York. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 45 waliitazama majumbani.

Giants walikuwa wanaongoza 17-14. Zilibaki chini ya dakika mbili, na Colts walikuwa na mpira kwenye yadi ya 14 ya upande wao wenyewe. Yaani walikuwa wamebanwa golini kwao, uwanja mzima uko mbele, saa inakwenda.

Siku hizi makocha huwatumia makwotabeki maelekezo kupitia spika iliyo ndani ya kofia. Unitas alikuwa anaamua mwenyewe. Yeye ndiye aliyechagua kila mpango, akasoma mabeki wamesimamaje, akabadilisha kama alivyoona. Katika ile safari ya mwisho alimtafuta mtu mmoja, Raymond Berry. Pasi tatu mfululizo zikaenda kwake: yadi 25, yadi 15, yadi 22. Giants walijua mpira unakwenda kwa nani na bado hawakuweza kuuzuia. Zikiwa zimebaki sekunde saba, Steve Myhra akapiga mpira kwa mguu katikati ya nguzo. 17-17.

Mechi ya ubingwa haikuwahi kwenda muda wa nyongeza kabla ya hapo. Giants walianza na mpira, wakashindwa kusogea. Unitas akaupokea na kuipeleka timu yadi 80 kwa majaribio 13. Karibu kabisa na bao, ambapo kila mtu alitegemea wapige kwa mguu kuchukua pointi tatu za ushindi au wakimbie na mpira kwa usalama, yeye akatupa pasi ya pembeni kwa Jim Mutscheller iliyofika yadi moja kutoka mstarini. Ingenaswa, ubingwa ungeweza kupotea palepale. Jaribio lililofuata Alan Ameche akapenya na mpira. 23-17, kombe likaenda Baltimore.

Hesabu za Unitas siku hiyo: pasi 40, zilizofika 26, yadi 349, bao moja, iliyonaswa moja. Ukiziweka kwenye kipimo kinachotumika leo unapata alama 90.5. Ni nzuri, lakini kuna makwotabeki wanaoipata katika mechi ya kawaida isiyokumbukwa na mtu. Kipimo kinajua kwamba pasi ya yadi 22 ni yadi 22. Hakijui kama imetupwa timu ikiongoza kwa pointi 30 au zikiwa zimebaki sekunde chache kwenye fainali.

MIZANI MPYA YAJA, MWENYEWE ANAONDOKA

Miaka ya 1960 ligi ilijaribu njia nyingine. Makwotabeki walipangwa kwa nafasi katika vipengele kadhaa, kisha nafasi zao zikajumlishwa. Unitas akawa Mchezaji Bora mwaka 1964, taji la pasi likaenda kwa Bart Starr wa Green Bay Packers. Akawa Mchezaji Bora tena 1967, taji likaenda kwa Sonny Jurgensen wa Washington.

Mwaka 1968 ukawa na kejeli kuliko yote. Unitas aliumia kiwiko cha mkono wa kutupia kabla ligi haijaanza. Mtu wa akiba, Earl Morrall, akaingia badala yake, Colts wakashinda mechi 13 kati ya 14, na Morrall akatwaa taji la mtoa pasi bora ambalo bosi wake hajawahi kuligusa.

Kisha ikaja Super Bowl ya Januari 1969 dhidi ya New York Jets, waliokuwa chini ya Ewbank, kocha yuleyule wa zamani. Morrall akanaswa pasi tatu kipindi cha kwanza. Unitas, mkono ukimuuma, akatolewa benchi mechi ikiwa imeshaharibika, na ndiye aliyeiongoza Colts kupata tachidauni yao pekee. Wakafungwa 16-7.

Ule mfumo wa nafasi ulikuwa na kasoro ambayo hata mashabiki waliilalamikia. Alama ya mtu ilitegemea wenzake wamefanya nini. Kwotabeki angeweza kumaliza mechi yake Jumapili mchana na asijue yuko wapi hadi wote wamemaliza, na huwezi kumlinganisha wa mwaka huu na wa miaka kumi iliyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamishna wa ligi, Pete Rozelle, aliagiza kitafutwe kitu bora. Kamati iliyoongozwa na Don Smith, mtumishi wa Jumba la Mashujaa wa futiboli, ikaja na kanuni iliyoanza kutumika 1973 na ambayo NFL inaitumia hadi leo.

Inaonekana ngumu, lakini ni vitu vinne tu: asilimia ya pasi zilizofika, yadi kwa kila pasi, asilimia ya pasi zilizokuwa mabao, na asilimia ya zilizonaswa. Kila kimoja kinageuzwa kuwa alama. Kamati ilichukua takwimu za miaka ya 1960 hadi 1970 na kupanga kwamba mchezaji wa kawaida wa kipindi hicho apate 1 kwa kila kitu. Hakuna kipengele kinachoruhusiwa kushuka chini ya 0 wala kuzidi 2.375. Zinajumlishwa, zinagawanywa kwa sita, zinazidishwa kwa 100.

Ndiyo maana alama ya juu kabisa ni 158.3, namba ambayo kila mgeni wa mchezo huo huishangaa. Mchezaji wa wastani wa enzi ile anapata 66.7.

Muweke Unitas juu ya mizani hiyo kwa maisha yake yote. Alitupa pasi 5,186, zikafika 2,830, sawa na asilimia 54.6. Toa 30, zidisha kwa 0.05, unapata 1.23. Yadi zake 40,239 ni 7.76 kwa pasi. Toa 3, zidisha kwa 0.25, ni 1.19. Mabao 290 ni asilimia 5.6, zidisha kwa 0.2, ni 1.12. Zilizonaswa 253 ni asilimia 4.9. Zidisha kwa 0.25, toa jibu kwenye 2.375, inabaki 1.16. Jumla ni karibu 4.7. Gawa kwa sita, zidisha kwa 100: alama 78.2.

Siku hizi wastani wa ligi nzima unacheza karibu na 90. Yaani kwotabeki wa kawaida kabisa wa leo, ambaye hata mashabiki wa timu yake wanataka auzwe, anampita Unitas kwa alama.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mwaka 1978 ligi ilibadilisha sheria, beki akakatazwa kumsukuma mpokeaji akishavuka yadi tano. Zama za Unitas mpokeaji alikuwa anagongwa njia nzima mpaka mpira urushwe. Pasi ikawa rahisi, namba zikapanda mwaka hadi mwaka, lakini mizani ikabaki ileile iliyopimwa kwa zama za Unitas. Ukitaka kumpima kwa haki, mlinganishe na 66.7 ya wenzake. Kipengele kwa kipengele, vyote vinne, alikuwa juu ya 1.

MPIRA ULIOGUSWA MARA MBILI

Mizani ina tundu jingine, na tundu hilo halikumwonea Unitas. Lilimpendelea.

Super Bowl ya Januari 1971, Colts na Dallas Cowboys. Unitas alitupa pasi ikapita juu ya mikono ya Eddie Hinton, aliyeigusa kwa vidole tu. Ikamgusa beki wa Dallas, Mel Renfro, kwa ncha za vidole. Ikatua mikononi mwa John Mackey, ambaye alikimbia hadi kwenye bao. Kwa sheria za wakati ule, bila ule mguso wa Renfro bao lisingekubaliwa. Kwenye karatasi ni pasi ya yadi 75 na tachidauni moja, yote ya Unitas.

Baadaye kidogo aliumizwa akatoka, Morrall akamalizia, na Colts wakashinda 16-13. Unitas alikuwa ametupa pasi tisa, zikafika tatu, yadi 88, bao moja, zilizonaswa mbili. Alama 68.1, yaani mtu wa wastani.

Sasa chukulia mpira ule ungeanguka chini. Zingefika mbili kati ya tisa, yadi 13, bila bao, mbili zimenaswa. Piga hesabu kipengele kwa kipengele, kila kimoja kinatoa sifuri. Alama 0.0. Vidole vya watu wawili, mmoja wao adui, vilimtoa kwenye sifuri hadi 68.1.

Tena kipimo hiki hakihesabu kwotabeki anapoangushwa na mpira mkononi. Anayeogopa kutupa akaangushwa hapunguziwi kitu. Anayesimama hadi sekunde ya mwisho, akatupa huku anagongwa na pasi ikaanguka, anapunguziwa. Unitas alikuwa wa aina ya pili.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 1972 timu ilianza vibaya akasugua benchi. Katika mechi yake ya mwisho nyumbani, Desemba mwaka huo dhidi ya Buffalo, ndege ndogo ilipita juu ya uwanja ikivuta bango la kumsifu. Akaingizwa, akatupa pasi ya mwisho mbele ya watu wake: yadi 63, Hinton, bao.

Colts wakamuuza San Diego Chargers. Huko, mwaka 1973, akawa mtu wa kwanza kufikisha yadi 40,000 za pasi katika historia ya ligi. Ndio mwaka uleule ambao mizani mpya ilianza kazi. Akiwa na miaka 40, mwili umechoka, alitupa pasi 76, zikafika 34, mabao matatu, zilizonaswa saba. Mizani ikasoma 40.0. Hiyo ndiyo alama pekee aliyopewa na kipimo hicho akiwa bado anacheza. Kabla ya msimu wa 1974 akatundika viatu. Mwaka 1979 akaingizwa Jumba la Mashujaa.

Mchezo ulimwachia deni. Kile kiwiko cha 1968 kiliendelea kumsumbua hadi mkono wa kulia, uliotupa mabao 290, ukapoteza nguvu. Uzeeni hakuweza kukunja vidole vizuri. Akicheza gofu ilibidi aufunge mkono kwenye fimbo kwa mkanda wa kunata.

Timu ya Colts ilihamishwa kutoka Baltimore kwenda Indianapolis usiku wa Machi 1984. Unitas alikataa kuhesabiwa kuwa wa huko. Kwake yeye Colts ilikuwa ya Baltimore, na timu mpya ya Ravens ilipokuja mjini alisimama upande wao.

Septemba 11, 2002 moyo wake ulisimama akiwa anafanya mazoezi ya viungo karibu na Baltimore. Alikuwa na umri wa miaka 69. Mwaka huohuo sanamu yake ikasimamishwa nje ya uwanja wa Ravens, mkono umevutwa nyuma tayari kutupa.

Mashabiki wanaokwenda mechi huisugua sanamu hiyo kiatuni kutafuta bahati. Wengi wao hawakuwahi kumwona akicheza. Ukiwauliza alikuwa na alama ngapi, wengi watakwambia hawajui. Waulize kuhusu Desemba 28, 1958, watakuhesabia pasi moja moja: 25, 15, 22.